UZI: Vitwitwi wameshaanza kushuka Bagamoyo, tupeane taarifa za ndege wageni mwezi wa 8 na wa 9

#1 Mleta uzi

Wakuu habari za jioni. Nimerudi pwani sasa hivi, matope mpaka magotini na sijaoga, nimeona niandike kwanza kabla idadi hazijanichanganya. Wameshaanza kushuka aisee. Nilikuwa kaskazini ya mji kule kwenye majaruba ya chumvi ukiwa unaelekea mdomo wa Ruvu, maji yalijaa saa kumi kasoro hivi, na kwenye tuta moja tu nimehesabu vitwitwi 64 wale wa mdomo uliopinda. Kati yao 11 bado wana wekundu, mmoja mwekundu kabisa toka shingoni mpaka tumboni kama tofali la kuchoma, wengine umebaki vipande vipande kama ukuta uliobanduka rangi.

Huo wekundu ndo habari yenyewe. Kitwitwi huyu ukimkuta mwezi wa 12 ni kijivu mgongoni mweupe tumboni, unampita tu. Wekundu ni nguo yake ya harusi, anaivaa kule anakozaliana kaskazini kabisa ya Siberia, kwenye tambarare zisizo na mti ambako mwezi wa 6 jua halizami. Sasa ndege akisimama kwenye chumvi ya Bagamoyo mwisho wa mwezi wa 8 na ule wekundu bado anao ujue wiki chache tu nyuma alikuwa huko, na uzito wake ni kama gramu 60, yaani yai moja la kuku. Kila mwaka nikiliona hili nashindwa kuondoka pale mpaka giza liingie.

Halafu hawaji wote kwa mpigo. Madume ndo wa kwanza kuondoka kule, jike akishaanza kuatamia dume kazi yake imeisha anageuza. Majike wanafuata vifaranga wakishajiweza. Vifaranga wenyewe wanabaki nyuma wanakula wananenepa, wakiota mabawa vizuri wanaanza safari peke yao, hakuna mama wala baba wa kuwaonyesha njia, na wanafika. Kwa hiyo hawa ninaowaona leo ni wakubwa watupu, watoto tuwategemee mwezi wa 9 kuelekea wa 10, utawajua kwa mgongo wenye magamba magamba maana kila unyoya una ukingo mweupe, na kifua kimepakwa rangi ya maziwa yenye chai kidogo.

Wengine niliowaona leo: chokowe, hapana nisiweke majina ambayo tutaanza kubishana, nawaeleza kwa sura. Yule wa miguu ya rangi ya chungwa anayepindua mawe na mwani kutafuta chakula, 5. Yule wa mdomo uliobinuka juu kidogo, anakimbia ameinamisha kichwa kama amedondosha hela, 9, huyo anapenda sana matope ya kwenye mikoko na akichoka anapanda juu ya mizizi ya mkoko anasimama. Yule mdogo mweupe anayekimbizana na wimbi ufukweni, wimbi likirudi naye anarudi, 3 tu, bado mapema kwake. Na yule mkubwa wa kijivu mwenye kwapa jeusi akiruka, 7, mmoja bado kifua cheusi tii.

Kwa anayetaka kwenda, angalia mwezi. Siku mbili tatu baada ya mwezi mpevu au mwandamo ni bamvu, yaani maji yanajaa na kukupwa kuliko siku nyingine, huku kwetu bamvu maji yanajaa saa kumi kuelekea kumi na moja jioni na yanakupwa saa nne saa tano asubuhi. Asubuhi maji yako mbali huko ndege ni nukta tu. Wewe nenda saa nane mchana, maji yanapanda yanawasogeza wenyewe taratibu mpaka kwako, na pwani yetu inatazama mashariki kwa hiyo jua la jioni liko mgongoni mwako, kila manyoya unayaona. Maji mafu, zile siku za katikati maji hayajai sana, usijisumbue, hayawasogezi vya kutosha.

Wa Tanga, Pangani, Saadani leteni na nyie.

#2 Mvuvi wa Dunda

Mkuu heshima kwako. Mimi hayo ya Siberia siyajui ila ndege hawa nawajua toka mdogo maana maisha yangu ni hapo hapo. Kuna kitu nataka nikuulize. Sisi tukiwa kwenye maji usiku miezi hii, kusi ikishaanza kulegea, tunasikia ndege anapita juu gizani anapiga mluzi mfululizo, ti ti ti ti ti ti ti, sauti moja haipandi haishuki. Marehemu babu alikuwa akiusikia anasema hao ndo wanarudi, sasa hivi bahari itatulia. Kweli wiki tatu nne mbele upepo unakata tunaingia maleleji. Huyo ni yupi kati ya uliowataja?

#3 Mleta uzi

Mzee wangu shikamoo, hujui umenipa kitu kikubwa kiasi gani. Huyo ni sululu. Hesabu mluzi wake siku ukimsikia tena, mara nyingi ni saba au karibu na saba, na sauti ni ile ile moja kama ulivyosema. Na jina linamkaa hasa, mdomo wake umepinda kuelekea chini kama sululu ya kuchimbia kisima.

Kazi yake naye ni kuchimba. Juzi nilikaa nyuma ya mchu mmoja mkubwa, aina ya mkoko, kama saa nzima namwangalia sululu mmoja kwa karibu, hatua labda ishirini. Anatembea polepole, anasimama, anaingiza mdomo kwenye shimo la kaa mpaka matope yanafika karibu na macho, anauzungusha kufuata kona ya shimo, anatoka na kaa yule mdogo wa gando moja kubwa. Anamkung'uta huku na huku mpaka gando linaruka, mguu mmoja unaruka, mwingine, halafu anammeza mwili mtupu. Kaa watano ndani ya dakika kumi hivi nimehesabu.

Wanazaliana kaskazini ya Ulaya na Urusi. Na wakuu niseme hili hapa hapa maana linaniuma, kulikuwa na ndugu yake mwingine wa ukoo huo huo, mwenye mdomo mwembamba zaidi, mara ya mwisho kuonekana kwa uhakika ni Februari 1995 huko Morocco, basi. Watu wamemtafuta nchi kibao miaka yote hiyo hayupo, na sasa ameandikwa rasmi kuwa ametoweka. Naye alikuwa ndege wa safari na wa tope kama huyu wetu.

Babu yako alikuwa anasoma kalenda angani mzee. Kama una mengine ya namna hiyo naomba uyaandike hapa, hata kama unaona ni ya kawaida.

#4 Mdau

Mkuu samahani, mi naishi Kaole na hao ndege nawaona mwezi wa 6, mwezi wa 7, muda wote wapo. Sasa kuhama kunatoka wapi?

#5 Mleta uzi

Swali zuri na uko sahihi, wapo. Ila angalia idadi na angalia rangi. Mwezi wa 6 utaona wachache na karibu wote ni kijivu, hawana nguo ya harusi. Hao wengi ni vijana waliokuja mwaka uliopita, hawajafikia umri wa kuzaa, safari ya kwenda kule ni ya hatari na hawana cha kufuata kwa hiyo wanabaki huku kula tu mpaka mwaka unaofuata. Sululu na yule mkubwa wa kwapa jeusi ndo hodari wa kubaki. Ukipita pale pale mwezi wa 9 mwishoni utaona tofauti mwenyewe, mahali palipokuwa na sita pana mia na zaidi.

Na wapo wanaokuja kinyume. Kuna keremkerem wa kijani kibichi aliyefifia, kichwa cha kahawia, wengine wanavuka toka Madagaska, Bukini ile ya wazee, wanakuja huku mwezi wa 4 na miezi hii wanarudi. Kwa hiyo mwezi wa 9 pwani yetu ni kama stendi, mmoja anashuka basi la kaskazini mwingine anapanda la kusi.

Mbayuwayu wa Ulaya nao nimeona wanne leo juu ya mnazi, wenye koo jekundu. Hao bado wanatangulia tu, kundi linakuja.

#6 Mdau wa Pangani

Tanga tupo mkuu. Wiki iliyopita nilipanda mashua kwenda kisiwa cha Maziwe na wageni. Kwa msiokijua ni hifadhi toka 1975, wazee wetu wanakikumbuka kikiwa na mivinje, siku hizi ni fungu la mchanga mweupe na bamvu likija linazama lote. Tulifika maji yakiwa yanakupwa, mchanga ndo unaanza kutokeza, na buabua walikuwa juu wanazunguka wanasubiri. Ule mchanga ulipofika ukubwa wa mkeka wakaanza kutua, mkeka ukawa chumba, chumba kikawa uwanja, na wao wanajaza tu. Wapo wenye mdomo wa njano wenye kishungi, wapo wadogo sana. Nikamwambia nahodha tusisogee, tukae hapa hapa. Wageni walitaka kushuka haraka waogelee, nikawaomba nusu saa, wakakubali, na mwisho wao ndo walikuwa hawataki tuondoke.

Picha nilizopiga kwa simu hazifai, ni nukta. Mnatumia nini?

#7 Mleta uzi

Hongera sana kwa kumzuia nahodha, kwa kweli hiyo nusu saa ni kubwa kuliko picha yoyote.

Vifaa mi nina binokula ya mkono wa pili, 8 kwa 42, hiyo namba ya kwanza isizidi 10 maana ukishika kwa mkono inatikisika. Apu ya Merlin ya Cornell, Marekani, ni bure, ukishapakua faili la eneo inafanya kazi hata bila bando. Ila kwa vitwitwi wa kijivu wa mbali usiikubalie moja kwa moja, angalia mdomo, miguu, halafu msubiri aruke uone kiuno. Huyu wangu wa mdomo kombo akiruka kiuno ni cheupe safi, hapo humchanganyi na mwingine.

Sasa wakuu, nilikuja kuandika kitu kingine. Jana nimekwenda tena, bamvu hili la pili. Majaruba yalikuwa yamejaa, nakadiria ndege 300 wamelala kwenye tuta refu, wote wameelekeza vichwa upeponi. Wakaja vijana wawili na mbwa watatu wanakatiza kwenda upande wa pili. Mbwa wakawaona. Kundi likaruka, likazunguka, likarudi, mbwa tena. Nimehesabu mara tisa kwa dakika kama arobaini. Mara ya kumi hawakurudi, waliondoka kuelekea kusini na sijui walitua wapi maana muda ule pwani yote iko chini ya maji.

Niliwafuata wale vijana tukaongea, hawana ubaya, walidhani ndege kuruka ni kazi yake, kuna tatizo gani. Na nadhani wengi tunafikiri hivyo. Tatizo liko hapa. Hawa ndege wakishafika huku kitu cha kwanza wanachofanya ni kubadilisha manyoya ya mabawa, yale ya safari yamechakaa yamekatika ncha. Yanadondoka wanaota mapya, kazi ya miezi kadhaa. Ukimtazama kwa binokula akiinua bawa unaona pengo katikati kama kitana kilichong'oka meno. Ndege wa hivyo kuruka kunamgharimu mara mbili. Anakula maji yakiwa yamekupwa, mchana na usiku, na maji yakijaa hana pa kula kabisa, ule ndo muda wake pekee wa kulala. Saa mbili, tatu. Ukimrusha mara tisa hapo umemwibia usingizi na umemchomea chakula cha asubuhi nzima.

Sisemi watu wasipite, watu wa chumvi wako pale kila siku na koleo zao na ndege wamewazoea kabisa, mfanyakazi anapita hatua thelathini hawashtuki. Ninachoomba ni kwa bamvu, kuanzia saa tisa mpaka saa kumi na mbili jioni, mbwa wafungwe kamba au wapitishwe njia ya nyuma ya mikoko. Na wale watoto wenye manati, tafadhali wazazi. Juzi kati mdau kaniuliza inbox kama wanaliwa. Ndugu yangu, gramu 60 na nusu ni manyoya na mifupa, hupati hata tonge.

#8 Mwalimu wa msingi

Habari za wakati huu. Nimesoma uzi wote, jana nikachukua watoto 14 wa darasa la tano tukaenda kwa miguu, wazazi wawili walitusindikiza. Tulikaa kimya nyuma ya ile miti umbali mrefu. Sijawahi kuwaona watoto wangu kimya namna ile. Walichora, mmoja kachora ndege kwenye mguu mmoja akaandika chini "amevunjika", mwenzake akamwambia wote wako hivyo basi wote wamevunjika? Wakaniuliza na sikuwa na jibu, kwa nini wanasimama mguu mmoja na mdomo wameuficha mgongoni? Nimewaahidi Jumatatu nitawaletea.

#9 Mleta uzi

Mwalimu Mungu akubariki. Jibu lao ni joto. Mguu wa ndege hauna manyoya na mdomo vile vile, joto linatokea hapo. Ule mmoja anaupandisha ndani ya manyoya ya tumbo, mdomo anauchomeka mgongoni, kwa hiyo anabakiza mguu mmoja tu wa kupoteza joto. Waambie wamwangalie vizuri, baada ya muda atabadilisha mguu. Na kuna wavivu, ukiwasogelea kidogo wanaondoka wakirukaruka kwa ule ule mmoja hawataki kuutoa wa pili, hapo mtoto ndo anadhani kavunjika kweli.

Waambie pia wakague miguu. Ukiona pete ya chuma au vibendera vya rangi, andika rangi zote na mguu gani, wa kulia au kushoto, juu ya goti au chini, piga picha ukiweza. Usimkamate. Nchi wanakofunga zile pete kuna watu wanasubiri miaka kupata taarifa moja.

Na mwalimu mkiweza wekeni hesabu zenu kwenye daftari moja, tarehe, saa, maji. Kila mwezi wa 1 kuna hesabu ya ndege wa majini inafanyika nchi nyingi kwa pamoja na Tanzania imo, sehemu ndogo kama zetu mara nyingi zinakosa mtu wa kuzihesabu. Nasema hivi kwa sababu Oktoba 2024 orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini ilibadilishwa, ndege 16 wa pwani wahamiaji wakapandishwa daraja la hatari kwa mkupuo. Huyu kitwitwi wa mdomo kombo yumo. Yule mkubwa wa kwapa jeusi yumo, na mwanzoni alikuwa anahesabiwa hana shida kabisa. Yule mpindua mawe naye amesogezwa. Yaani wale wale watoto wako waliowachora.

#10 Mvuvi wa Dunda

Nimewasikia tena juzi saa nane usiku, nimehesabu. Saba.

Na nimeongea na wenye mbwa, ni watu wa mtaani kwetu. Wamesema watapita nyuma.

#11 Mleta uzi

Mzee ahsante, sina la kuongeza hapo.

Wakuu samahani nilipotea, leo ni tarehe 28 mwezi wa 9. Bamvu hili nimekwenda siku tatu mfululizo. Kusi imelegea kweli, bahari inang'aa kama bati. Vitwitwi mdomo kombo leo 410, hakuna mwekundu hata mmoja, na kwa mara ya kwanza mwaka huu watoto wapo, nimewahesabu 37 wenye mgongo wa magamba na kifua cha maziwa ya chai. Wamesimama katikati ya wakubwa na hawaogopi mtu, wamezaliwa mahali pasipo na watu kwa hiyo hawajui bado. Mmoja alinisogelea mpaka hatua tano akiwa anadonoa, nikaacha hata kupumua.

Lakini kilichonifanya niandike leo ni mla kaa. Wamefika 22, wale weupe wakubwa wenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu na mdomo mnene mweusi kama kisu cha kuchinjia. Hawa hawatoki kaskazini kule kwa akina kitwitwi, wanazaliana pwani za joto, Uarabuni, Bahari ya Shamu mpaka Somalia, na wanachimba shimo kwenye mchanga kama panya, zaidi ya mita moja ndani, wanataga yai moja tu. Mchanga wenyewe una joto unasaidia kuatamia. Na kwa kuwa ni mmoja, wanamlea. Anasafiri nao.

Leo kulikuwa na mtoto mmoja, kijivu kijivu mgongoni, kimo sawa na mzazi, mabawa kamili, amevuka bahari hiyo yote. Mzazi alikamata kaa kwenye ukingo wa tope, akampiga mara mbili, mtoto akaja mbio ameinama mabega yameshuka analia, mfululizo, sauti nyembamba ambayo unaisikia mpaka kwenye mikoko. Mzazi akageuka upande. Mtoto akazunguka. Akageuka tena, mtoto akazunguka tena. Mwisho akamwachia yule kaa chini mbele yake, akarudi topeni kutafuta mwingine, na mtoto nyuma yake analia.

Kesho maji yanajaa saa kumi na robo. Nitakuwa pale kuanzia saa nane, mwenye nafasi aje, nina binokula moja tutapokezana.